Dodoma hadi boti ya Zanzibar kwa SGR: treni inawahi, angalia kipande cha mwisho

Treni ya umeme imebadilisha kabisa hesabu ya safari ya Unguja kwa watu wa bara. Zamani mtu wa Dodoma aliyetaka kuvuka alikuwa na njia moja ya uhakika: ashuke Dar jioni, alale, apande boti kesho yake. Basi lilimchukua masaa manane au tisa hadi Mbezi Luis, na hapo alikuwa bado ana foleni ya Morogoro Road mbele yake mpaka Posta. Mvua ikikolea na Jangwani pakajaa maji, hata mabasi ya mwendokasi hayakupita. Abiria wa kwanza wa SGR walianza kusafiri kati ya Dar na Morogoro tarehe 14 Juni 2024, na Dodoma ikafuata tarehe 25 Julai mwaka huohuo. Tangu hapo inawezekana kunywa chai ya alfajiri Dodoma na kula chakula cha jioni Forodhani, siku ileile.

Inawezekana, lakini haijiendi yenyewe. Treni na boti havijuani. Hakuna tiketi moja inayounganisha vyombo hivi viwili, hakuna boti inayosubiri treni iliyochelewa, na kati ya stesheni na lango la boti kuna kipande kifupi sana cha barabara ambacho ndicho kinachokula watu. Ndiyo maana tathmini hii imegawanyika: treni tunaipa nne na nusu kati ya tano, boti nne, na kipande cha kati tunakipa mbili. Wanaokosa boti wengi wao hawaikosi wakiwa ndani ya behewa. Wanaikosa wakiwa wameshafika Dar.

Tuanze na ubora wa treni, kwa sababu ndiyo unaofanya mpango wote huu uwe na maana. Dodoma hadi Dar, treni ya kawaida inayosimama stesheni nyingi njiani hukaribia masaa manne. Mchongoko, ile yenye pua iliyochongoka iliyoanza kubeba abiria Novemba 2024, hutumia kama masaa matatu na nusu kwenye safari za haraka. Morogoro ni chini kidogo ya masaa mawili. Reli imesanifiwa kwa mwendo wa hadi kilomita 160 kwa saa, haikatizwi na barabara za magari, na inapoingia jijini inapita juu ya daraja refu la karibu kilomita mbili na nusu mpaka stesheni. Maana yake ni kwamba foleni ya Dar haikuhusu mpaka unaposhuka. Kwa mtu anayewahi boti, hiyo pekee ina thamani kubwa kuliko nauli yote aliyolipa.

Nauli zenyewe si za kutisha. Viwango ambavyo LATRA, mamlaka ya usafiri wa nchi kavu, ilitangaza mwaka 2024 kwa treni ya kawaida ni shilingi 31,000 kutoka Dodoma na 13,000 kutoka Morogoro. Mtoto wa chini ya miaka minne halipi, na wa miaka 4 hadi 12 hulipa nusu. Treni ya haraka ni ghali zaidi, na daraja la juu ghali zaidi ya hapo. Ukiwa na boti ya kuwahi, lipia treni ya haraka. Si kwa ajili ya siti wala kiyoyozi, bali kwa ajili ya zile dakika 20 au 30 unazoziongeza kwenye akiba yako.

Hesabu ipigwe kutoka langoni kurudi nyuma

Kosa la kawaida liko hivi: mtu anaona boti inaondoka saa 6:30 mchana, anaona treni inafika saa 5:00, anasema nina saa nzima na nusu. Hana. Boti haianzi kukuacha saa 6:30, inaanza kukuacha lango linapofungwa, na lango hufungwa nusu saa kabla ya kuondoka. Kwa hiyo muda wako wa mwisho ni saa 6:00 kamili. Kabla ya lango kuna kukaguliwa tiketi na kitambulisho, kupitisha mizigo kwenye mashine, na kupanga foleni nyuma ya watu wengine mia kadhaa waliofikiria kama wewe. Weka dakika 30 kwa hayo. Sasa unatakiwa uwe mlangoni saa 5:30.

Rudi nyuma tena. Kutoka stesheni hadi bandarini ni kilomita moja na kitu. Kwa gari, barabara ikiwa nyeupe, ni dakika saba. Barabara ikiwa imeshikana ni dakika 25, na kuna siku mbaya zaidi. Weka 25. Kisha kuna kutoka ndani ya stesheni yenyewe: behewa zima linashuka, mizigo inateremshwa, ngazi na lifti zinajaa, unatembea jukwaa refu mpaka nje, halafu unatafuta usafiri. Weka dakika 20, na 30 kama una watoto au wazee. Tayari umeshafika saa 4:45, na bado hujaweka akiba ya treni kuchelewa. Akiba hiyo isipungue saa moja.

Kwa hiyo boti ya saa 6:30 mchana inataka treni ambayo kwenye ratiba inaingia Dar saa 3:45 asubuhi au kabla. Kama ipo inayoingia saa 3:00, ichukue hiyo. Masaa mawili na dakika 45 kati ya treni kufika na boti kuondoka ndiyo kiwango cha chini tunachokipendekeza, na matatu ni bora. Utakaa kidogo ukisubiri? Utakaa. Kusubiri kwenye kiti ukiwa na tiketi mkononi ni bei ndogo sana ukilinganisha na kutafuta chumba cha kulala katikati ya jiji usiku.

Kwa miaka mingi boti za mwendo kasi za kampuni kubwa zimezoeleka kuondoka Dar saa 1:00 asubuhi, saa 3:30, saa 6:30 mchana na karibu saa 10:00 alasiri, na kampuni nyingine huongeza za kwao katikati. Thibitisha saa za siku yako kabla ya kulipa. Boti ya saa 1:00 asubuhi isahau kabisa kama unatoka bara siku hiyo. Ukiitaka, njoo jana yake ulale Kisutu au Kariakoo. Boti ya saa 3:30 ni kamari hata kwa mtu wa Morogoro mwenye treni ya alfajiri. Ya saa 6:30 mchana ndiyo boti ya mtu wa treni. Ya alasiri tunaitazama kama akiba: ukikosa ya mchana, unayo hiyo. Anayepanga safari yake moja kwa moja kwa boti ya mwisho hana tena pa kuangukia.

Saa ya tiketi na saa ya Kiswahili

Hili linastahili kichwa chake kwa sababu linaumiza watu ambao hawakuchelewa hata dakika moja. Tiketi ya treni na ya boti zimeandikwa kwa saa za kizungu. 06:30 kwenye tiketi ni saa 12:30 alfajiri. Si saa 6:30 mchana. Na 12:30 kwenye tiketi ya boti ni saa 6:30 mchana. Si saa 12:30 ya jioni. Hatari kubwa ni pale mtu anapomkatia tiketi mama yake aliye kijijini na kumtajia kwa simu tu, "mama, boti yako ni kumi na mbili na nusu." Mama ataelewa alivyozoea, na atakuwa sahihi kwa saa zake. Tarakimu zote za tiketi zigeuze kwa kuongeza au kutoa sita, kisha umwandikie mtu kwa maneno kamili: saa sita na nusu mchana, siku ya Jumamosi, tarehe fulani. Treni za alfajiri sana na za usiku nazo zina mtego wake wa tarehe. Treni ya 00:30 ya Jumamosi ni ile ambayo mtu wa kawaida anaiita ya Ijumaa usiku.

Kukata tiketi

Tiketi ya treni hukatwa kwenye mtandao wa Shirika la Reli (TRC) au dirishani. Mtandaoni unachagua treni, behewa na siti, unajaza jina na namba ya kitambulisho, unapewa namba ya kumbukumbu ya malipo, unalipa kwa simu. Namba hiyo ina muda. Usipolipa ndani ya muda huo, siti inaachiwa na unaanza upya. Kwa hiyo hakikisha salio lipo kwenye simu kabla hujaanza kuchagua siti. Jina liandikwe kama lilivyo kwenye kitambulisho, maana langoni wanalinganisha. Aliyekata tiketi kwa jina la utani ana maelezo marefu ya kutoa wakati foleni inasogea.

Tunashauri treni ikatwe kwanza, boti baadaye. Siti za treni nzuri ya asubuhi huisha mapema kuliko za boti, hasa Ijumaa kutoka Dodoma wakati Bunge linaendelea. Kikao cha bajeti ndicho kirefu zaidi, Aprili hadi Juni, na wikiendi za miezi hiyo treni hujaa. Upande wa boti presha ni sikukuu: Idi zote mbili, Pasaka, Mapinduzi ya tarehe 12 Januari, na siku za tamasha la Sauti za Busara mwezi Februari. Katika siku hizo kata vyote viwili mara moja, wiki moja au mbili kabla.

Ukishapata tiketi, piga picha ya skrini. Usitegemee kuifungua mtandaoni ukiwa njiani, kwa sababu kwenye milima ya Kilosa, ambako reli inapita kwenye mahandaki manne, mtandao hupotea. Na ukifika Dar chaji ikiwa imekwisha, lango halitakuonea huruma. Kuna soketi ndani ya behewa. Chaji simu mapema, usingoje Ruvu.

Mizigo

Hapa ndipo treni inapomshangaza mtu aliyezoea basi. Basi hubeba gunia la mahindi, ndoo ya asali, kuku wawili na kitanda. Treni ni ya abiria na mabegi. Mzigo wote unapita kwenye mashine ya eksirei, na vitu vinavyovuja, vinavyonuka au vinavyowaka moto havipiti: mafuta ya taa, petroli, mtungi wa gesi, ndoo ya samaki. Ukizuiwa langoni Dodoma dakika 20 kabla ya treni, una uamuzi mmoja tu wa kufanya, na utaufanya ukiwa na uchungu. Mzigo mkubwa utangulize kwa gari la mizigo siku mbili kabla, kisha uuvushe kwa meli ya mizigo. Wewe safiri na begi moja la kuburuta na moja la mgongoni. Mtu wa mikono miwili huru hutoka stesheni kwa dakika kumi. Mtu wa maboksi matano hutoka kwa nusu saa, na wachukuzi wa kuwalipa juu yake.

Mifuko ya plastiki acha nyumbani. Bara imepigwa marufuku tangu tarehe 1 Juni 2019, na Zanzibar ilitangulia kuipiga marufuku miaka mingi kabla.

Magufuli mbili, Feri mbili

Sasa tufike kwenye kile kipande tulichokipa alama mbili.

Stesheni ya SGR ya Dar, ile yenye umbo la Tanzanite, inaitwa Stesheni ya Magufuli. Stendi kubwa ya mabasi Mbezi Luis nayo ni ya Magufuli. Umbali kati yake ni zaidi ya kilomita 20. Ndugu anayekuja kukupokea ukimwambia tu "nipo Magufuli", kuna uwezekano mkubwa akaenda Mbezi, hasa kama amezoea kuwapokea watu wa mabasi. Mwambie "stesheni ya treni, mjini". Kwenye programu ya teksi hakikisha alama imekaa mjini kabla hujabonyeza kukubali.

Vivyo hivyo na bandari. Dar ukisema "nipeleke Feri", bodaboda atakupeleka kwenye soko la samaki na pantoni ya kwenda Kigamboni. Hajakosea, hiyo ndiyo Feri ya watu wa Dar. Boti za Zanzibar ziko mbele kabla ya kufika huko, kwenye Barabara ya Sokoine, mkabala na Kanisa la Mtakatifu Yosefu. Sema "boti za Zanzibar, kanisani Mtakatifu Yosefu." Aliyeshushwa pantoni bado anaweza kurudi kwa miguu, lakini kwa begi zito na jua la saa sita hiyo ni robo saa ambayo hakuipanga.

Kosa la tatu ni kushuka Pugu. Treni nyingine husimama hapo, na kwa mtu wa Gongo la Mboto au anayekwenda uwanja wa ndege panafaa kweli. Kwa mtu wa boti ni mtego: utajikuta kwenye Barabara ya Nyerere, katika foleni ileile uliyolipia treni ili uikwepe. Baki kwenye kiti mpaka mwisho wa reli.

Ukishatoka stesheni, njia ni tatu. Ya kwanza ni miguu. Kwa kijana mwenye begi la mgongoni ni dakika 20 hivi, tambarare, kwa kufuata Barabara ya Sokoine ukiwa na bandari mkono wa kulia. Foleni ikiwa imeshikana, miguu huishinda gari, na watu wanaoijua mitaa ile huichagua bila kufikiri mara mbili. Jua la mchana na mvua za masika ndivyo vinavyoiharibu. Njia ya pili ni teksi ya mtandaoni. Iite ukiwa tayari nje, si ukiwa bado jukwaani, maana dereva hatakiwi kusimama muda mrefu pale mbele na akikukosa anaghairi. Ya tatu ni bodaboda au bajaji. Kubalianeni bei kabla ya kupanda, na uangalie begi lako limefungwa vizuri. Mwendokasi ina kituo cha Posta ya Zamani karibu kabisa na boti, lakini kwa umbali huu mdogo utapoteza muda mwingi kukifikia kituo cha kupandia na kusubiri basi kuliko kutembea moja kwa moja. Itumie kama unatokea Kimara au Magomeni, si stesheni.

Kwa nini kilomita moja iwe na mashaka hivyo? Kwa sababu eneo lile linabeba mambo mengi mno kwa wakati mmoja. Malori ya bandari yanazunguka Kilwa Road na Gerezani, ofisi za serikali na benki ziko hapo, Kariakoo iko jirani, na Ikulu iko mbele tu ya pantoni. Msafara wa kiongozi ukipita, barabara husimamishwa na hakuna dereva wa kukusaidia. Saa 1 hadi saa 3 asubuhi na kuanzia saa 10 jioni ndizo saa ngumu zaidi. Jumapili asubuhi ni nafuu kubwa, ila misa ya Mtakatifu Yosefu ikitoka, mbele ya lango la boti hujaa watu na magari kwa muda.

Malalamiko yetu makubwa yako hapa. Stesheni nzuri namna ile na gati inayopeleka maelfu ya watu Unguja viko karibu kiasi cha kuweza kuunganishwa kwa basi dogo la kwenda na kurudi kila baada ya dakika 15. Kibao kimoja kikubwa mlangoni mwa stesheni, kilichoandikwa "Boti za Zanzibar" na mshale, kingewaokoa wageni wengi kabisa.

Langoni na ndani ya boti

Mbele ya ofisi za boti kuna watu watakaokukimbilia wakitaka kukukatia tiketi au kukubebea begi. Tiketi kata ndani ya ofisi ya kampuni yenyewe au mtandaoni mapema. Usimpe mtu kitambulisho wala fedha njiani, hata kama amevaa fulana yenye nembo. Mbeba mizigo ni huduma halali na ya kusaidia kwa wazee, ila bei isemwe kabla begi halijainuliwa.

Mtanzania awe na kitambulisho cha taifa, leseni, kadi ya mpiga kura au pasipoti. Mgeni awe na pasipoti mkononi, si chini ya begi, kwa sababu ataionyesha Dar na tena akishuka Malindi, bandari ya Unguja. Ukiwa unasafiri na mgeni kutoka nje ya nchi, kumbuka tangu tarehe 1 Oktoba 2024 wageni wanaoingia Zanzibar wanatakiwa kuwa na bima ya safari ya Shirika la Bima la Zanzibar, dola 44 kwa mtu mzima, inayodumu siku 92. Inunuliwe mtandaoni kabla ya safari. Ukiiacha mpaka ufike, utaunganisha uchovu wa treni, wa bahari na wa dirisha jingine la malipo.

Bahari yenyewe ni kati ya saa moja na nusu na masaa mawili. Wakati wa kusi, Mei hadi Septemba hivi, mawimbi huwa na nguvu, na boti ya mchana huyumba kuliko ya asubuhi kwa sababu upepo huwa umeshapanda. Mwenye kutapika akae katikati ya boti au kuelekea nyuma, sakafu ya chini, asikae mbele kabisa ambako chombo kinainuka na kupiga. Dawa ya kichefuchefu imezwe nusu saa au saa nzima kabla ya kuondoka. Ukiimeza wakati boti imeshaanza kucheza umechelewa. Kutoka kwenye treni ukiwa na njaa na kupanda boti papo hapo ni vibaya, na kupanda ukiwa umeshiba ugali na samaki wa kukaanga ni vibaya zaidi. Mkate mkavu, ndizi moja na maji vinatosha.

Vinavyoharibika na sababu zake

Treni ikichelewa, mara nyingi chanzo ni umeme. Inavuta umeme wa kilovolti 25 kutoka waya wa juu, kwa hiyo hitilafu ikitokea kwenye sehemu moja ya njia, kila treni iliyo ndani ya sehemu hiyo inasimama. Siku za mwanzo kabisa za safari za Dodoma, TRC yenyewe ilieleza kwamba treni ilisimama kwa sababu ya ngedere na bundi waliogusa miundombinu ya umeme. Watu walicheka, lakini kiufundi ni jambo la kweli na hutokea kwenye reli za umeme sehemu nyingi duniani: mnyama akiunganisha waya na nguzo, mfumo unajikata wenyewe ili usiungue.

Sababu ya pili ni kwamba njia ni moja. Treni zinazokwenda na zinazorudi hupishana stesheni, moja ikiingia pembeni kusubiri nyingine. Hivyo treni ya kutoka Dar ikichelewa kwa dakika 30, ya kwako inayotoka Dodoma inaweza kulipia kuchelewa kusikokuwa kwake. Ukiona mmesimama Kidete au Kilosa zaidi ya dakika chache, jua mnasubiri mwenzenu. Hapo ndipo pa kupiga simu kampuni ya boti kuuliza nafasi kwenye boti inayofuata, ukiwa bado mbali. Usingoje mpaka ufike dirishani saa 6:20 ukihema.

Upande wa bahari, hali ya hewa ndiyo bwana. Kimbunga Hidaya kilipokaribia pwani mwanzoni mwa Mei 2024, boti za Zanzibar zilisimamishwa. Wakati wa masika na wa upepo mkali soma taarifa ya Mamlaka ya Hali ya Hewa jioni ya kuamkia safari. Boti ikifutwa, bora ujue ukiwa Dodoma.

Kurudi

Safari ya kurudi hesabu yake ni kali zaidi, kwa sababu sasa bahari ndiyo iko mwanzo na stesheni ndiyo yenye ukaguzi mrefu. Boti ya saa 1:00 asubuhi kutoka Malindi inakufikisha Dar kabla au karibu ya saa 3:00. Kisha weka nusu saa ya kushuka na kungoja begi, dakika 25 za barabara, na uwe ndani ya stesheni angalau saa moja na nusu kabla ya treni. Kwa mpango huo treni ya kuanzia saa 6:00 mchana ni salama. Boti ya alasiri inayoingia Dar karibu saa 12 jioni inakushusha katikati ya foleni ya watu wanaorudi nyumbani. Hapo usiguse treni inayoondoka kabla ya saa 3:00 usiku.

Wenye wazee au wanaotumia kiti cha magurudumu: stesheni ina lifti na sakafu zake ni tambarare, tatizo liko gatini. Maji yakipwa wakati wa bamvua, daraja la kupandia boti huwa na mteremko mkali, na mtu mmoja hatoshi kumshika mgonjwa. Tazama kalenda ya mwezi: bamvua huja karibu na mwezi mwandamo na mwezi mpevu. Kama unaweza kusogeza safari kwa siku nne au tano, sogeza. Kama huwezi, wajulishe wafanyakazi wa boti mara tu unapofika langoni, wapandishe mzee kwanza kabla ya msongamano.